Gundi ya Unga wa Ugali

Enzi zetu, mtu hakuitwa mgonjwa kwa sababu tu ameamka akijisikia vibaya. Ugonjwa ulikuwa jambo la kuthibitishwa na majirani. Ilibidi ushindwe kumaliza ugali, au upakiwe kwenye mkokoteni ukielekea hospitali, ndipo watu wakubaliane kwamba kweli una homa. Leo nawatazama vijana wetu hapa Eldoret na kucheka. Kijana anapiga chafya mbili Jumamosi asubuhi, basi, wikendi imekwisha. Anajifunika mpaka kidevuni, anapiga picha kikombe chake cha tangawizi na ndimu, kisha anautangazia ulimwengu kwamba anaupa mwili wake muda wa kupumzika. Bomba la jikoni likivuja, anampigia fundi simu. Mlango ukilia, anampigia fundi. Brayo, kitinda mimba wa dada yangu ambaye ninaishi naye hapa Kimumu, alimwita fundi aje kutundika saa ukutani. Msumari ulikuwa mmoja tu. Fundi alikuja na msaidizi, na Brayo akawatazama wakifanya kazi huku amejitanda shuka, kwa sababu siku hiyo alikuwa na mafua.

Baba zetu, ninyi wa rika langu mnakumbuka, hawakuwa na mafua. Walikuwa na Jumamosi. Baba yangu alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha nguo mjini. Siku za kazi alivaa tai na kuandika kwa mwandiko mzuri uliolala upande mmoja. Jumamosi ikifika alivaa suruali iliyokatwa magotini, akavuta nyundo kutoka chini ya kitanda, na sisi watoto tukatafuta mahali pa kujificha. Niseme ukweli mapema: Baba hakujua kazi ya mikono hata kidogo. Meza aliyotutengenezea ilikuwa na mguu mfupi tuliouwekea kipande cha tofali. Mlango wa jikoni alioupiga bawaba yeye mwenyewe ulifungukia upande usiotakiwa, ukamgonga kila aliyepita na ndoo. Lakini kumwita fundi, kwake, kulikuwa aibu sawa na mwanamume mzima kuomba afungwe vifungo vya shati.

"Mtu ako na mikono miwili anaita fundi wa nini?" alikuwa akituuliza. Sisi tuliokuwa tukiitazama ile mikono yake miwili tulikuwa na jibu, ila hatukulisema.

Nyumba yetu ilikuwa ya mabanzi, yale maganda ya magogo yanayobaki kwenye kiwanda cha mbao baada ya mbao nzuri kwenda kwa matajiri wa mtaa wa Elgon View. Mabanzi hayanyooki. Kati ya moja na jingine palikuwa na ufa, na upepo wa Julai wa Eldoret hauhitaji kuonyeshwa ufa uko wapi. Dawa yake ilikuwa magazeti. Kila nyumba ya mabanzi ilivishwa magazeti kwa ndani, kutoka sakafuni mpaka karibu na mabati, yakabandikwa kwa gundi iliyopikwa nyumbani. Wengi wetu tulijifunzia kusoma kwenye kuta hizo. Mimi Kiingereza changu cha kwanza kilitoka kwenye tangazo la dawa ya kupe lililokuwa mkabala na mto wangu, na nilikuwa najua jinsi ya kuogesha ng'ombe kabla sijajua jinsi ya kusalimia. Nilisoma mianzo ya habari za kusisimua ambazo miisho yake ilikuwa imefunikwa na matangazo ya sabuni. Panya nao walipenda gundi, tukawasikia nyuma ya karatasi wakitafuna habari za taifa. Nani atawarudishia vijana wa leo raha hiyo? Brayo ana simu yenye magazeti ya dunia nzima na hasomi hata moja.

Mwaka ninaousimulia, dada yangu Nekesa alikuwa amepata mchumba. Nekesa alifundisha watoto wa nasari, na mchumba wake alikuwa mwalimu mpole ambaye kila jioni alipita kwetu akidai ameikosea njia. Walipendana, na hawakujua kuficha. Kazi ilikuwa kwa baba wa kijana. Mzee Barasa alikuwa naibu wa chifu huko upande wa Turbo, na wa rika langu hawahitaji kuelezwa naibu wa chifu alikuwa nani. Alivaa kaki, na beji ya chama kifuani, na neno lake moja lilitosha mtu kulala ndani. Siku zile redio ilianza na Mtukufu Rais na ikaisha na Mtukufu Rais, na picha yake ilikuwa mbele ya kila gazeti, kwa hivyo hata gazeti kuukuu ulilishika kwa adabu. Kulikuwa na mshona viatu mmoja pale kituo cha basi aliyejaza gazeti ndani ya kiatu cha mteja kishike umbo. Kijana mmoja wa chama akalivuta, akatazama ni picha ya nani iliyokuwa imekunjwa pale soli inapokaa. Mshona viatu hatukumwona kwa muda mrefu. Aliporudi alikuwa mtu wa kuitikia kwa kichwa tu.

Basi Mzee Barasa na wazee wake walituma ujumbe kwamba wangekuja Jumapili baada ya kanisa kuzungumza mahari. Mama alisafisha kila kilichoweza kusafishwa, na Nekesa akaacha kula. Baba mdogo Wanjala, ndugu yake Baba, aliitwa kutoka nyumbani magharibi kwa sababu katika ukoo mzima hakuna aliyemfikia kwa kujadili ng'ombe. Silaha yake ilikuwa moja. Wageni wakitaja idadi, yeye husimama, husema, "Tupeni ruhusa kidogo tutoke nje," kisha huwachukua wenye boma nyuma ya nyumba wakashauriane. Huko nyuma hawashauriani chochote. Wanasimama tu, wanavuta sigara, mpaka wageni wachoke kungoja na waongeze ng'ombe.

Jumamosi hiyo Baba aliamka akitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Malaria aliitoa magharibi alikokwenda matanga wiki iliyotangulia. Mama alimshika paji la uso, akautoa mkono haraka.

"Baba Nekesa, lala," akasema. "Nitatuma mtu Turbo waambiwe wakuje wiki ingine."

"Waambiwe nini?" Baba akauliza huku meno yakigongana. "Ati mwenye boma ameshindwa na mbu? Angalia hiyo ukuta. Mzee wa serikali atakaa hapo aone inje kama ako kwa zizi la mbuzi?"

Ni kweli ukuta wa sebule ulikuwa katika hali mbaya. Panya walikuwa wameula, moshi ulikuwa umeufanya mweusi, na banzi moja lilikuwa limeng'oka. Mabati nayo yalivuja mahali pawili. Baba alimeza klorokwini yake na uji, akavaa kabuti lake zito la zamani, akajifunga kichwani kitambaa kilichojaa majani ya mkaratusi kikamning'inia mpaka kwenye nyusi, akachukua nyundo. Wa rika langu mnaijua klorokwini. Ilikuwa chungu kuliko ugonjwa wenyewe, halafu ikishaingia damuni inaanza kuwasha. Si kuwasha kwa upele. Ni kuwasha kwa ndani, kunakozunguka, ukikuna mgongo kumeshahamia nyayo. Mtu aliyemeza klorokwini siku zile ulimjua kwa mbali, maana alijisugua kwenye nguzo za stima.

Alianza na mabati. Alipanda ngazi na mkebe wa lami ya moto, akapaka kwenye tundu la kwanza, kisha kuwashwa kukamjia kwapani. Mama aliyekuwa chini aliona mkono wenye brashi ya lami ukielekea kwapani, akapiga kelele, lakini alikuwa amechelewa. Kabuti lile lilikaa na harufu ya barabara mpya mpaka lilipotupwa. Tundu la pili alilipaka akiwa amefumba macho kwa sababu mwangaza ulimuumiza, na mvua ya kwanza ilituonyesha kwamba alikuwa amepaka karibu nalo. Majirani walikusanyika. Wanaume wakatoa ushauri, na hakuna hata mmoja aliyetoa mkono. Sisi watoto tuliacha mchezo wetu wa kati, ule wa kukwepa mpira, mpira wenyewe wa makaratasi ukabaki barabarani, tukaja kukaa kwenye nyasi kumtazama. Nawaambia Brayo na wenzake kwamba sisi hatukuwa na televisheni, na hawaelewi ninaposema hatukuihitaji.

Akashuka kuja kwenye banzi. Alilishikilia kwa bega, akapiga misumari kwa nguvu ya homa, akataka kurudi nyuma alitazame, akashindwa. Alikuwa amelipigilia pamoja na mkono wa kabuti. Mama alimkomboa kwa kisu cha jikoni bila kusema neno. Kisha akasema neno.

"Wanaume wengine wakiwa wagonjwa wanalala."

"Hao watakufa wakiwa wamelala," Baba akajibu, akajikuna.

Yakabaki magazeti, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Gundi ya kubandika magazeti, kila mtu wa nyumba za mabanzi alijua, hupikwa kwa unga wa ngano. Unga wa ngano unavuta, na karatasi ikikauka huitoi ila kwa kisu. Lakini unga wa ngano uliokuwa nyumbani ulikuwa wa chapati za wageni, na siku zile chapati haikuwa chakula cha kuamkia tu Jumanne kama wanavyofanya vijana wa leo, wakaila wakitazama simu. Chapati ilikuwa Krismasi. Mama aliukalia ule unga.

"Ukuta haili chapati," akasema. "Pika gundi na unga ya ugali."

"Ya ugali haishiki!"

"Itashika mpaka Jumatatu. Wageni wanaenda Jumapili."

Nilipika mimi, moshi ukinitoa machozi, uji mzito wa mahindi usio na sukari. Ili ushike vizuri, Baba aliamua kuupaka nyuma ya gazeti na mbele pia, karatasi ing'ae.

Magazeti yenyewe yalitoka kwa Mzee Kamau mwenye duka, ambaye aliyaweka kwa kufungia sukari na mishumaa. Alikuja nayo mwenyewe, na juu kabisa ameweka ukurasa mmoja safi, usio na doa la mafuta, wenye picha ya Mtukufu Rais iliyojaza ukurasa wote.

"Hii weka pale mbele, juu ya kiti ya mgeni," akamwambia Baba. "Mtu wa serikali akiona hivyo, atajua ameingia kwa watu wazuri."

Baba alifurahi mpaka homa ikaonekana kupungua. Alitufukuza sote kwa kuwa kelele zetu zilimpasua kichwa, akafunga madirisha ya mbao kwa sababu ya mwangaza, akawasha koroboi, akaanza kubandika peke yake, kitambaa kikiwa kimemshukia machoni. Tulisikia brashi, kukuna, kikohozi, kukuna. Alitoka akiwa mweupe uso mzima kwa gundi, akafunga mlango wa sebule, akaamuru asiingie mtu mpaka wageni watakapofika ili ukuta ukauke. Kisha akaanguka kitandani na viatu vyake. Mama alimfukiza kwa mkaratusi chini ya blanketi tatu, na sisi tukalala jikoni.

Jumapili wageni walifika mapema kuliko tulivyotarajia, kama wafanyavyo wageni. Sebule ilikuwa bado na kiza. Mzee Barasa aliingia wa kwanza, mrefu, mwenye kifua kipana, akainamia mlango, akakaribishwa kwenye kiti kikubwa chini ya ukuta mpya. Mke wake na wazee wao wawili wakakaa kwenye benchi kando yake, migongo ikiuelekea ukuta huo huo. Sisi tulikaa ng'ambo. Mama akafungua dirisha, mwangaza ukaingia, akachukua birika na beseni kwenda kumnawisha mgeni mikono. Alimmwagia maji kwenye viatu.

Nilimtazama Mama usoni, nikafuata macho yake. Juu ya kichwa cha naibu wa chifu, katikati ya ukuta, peupe kabisa, Mtukufu Rais alikuwa amesimama kwa kichwa. Baba alikuwa amembandika juu chini.

Sijui kama naweza kuwaeleza vijana hofu ile. Nekesa aliona, akafunika mdomo. Baba mdogo Wanjala aliona, akaacha kutafuna kijiti chake. Kulitoa gazeti lile mbele ya watu kulikuwa kuichana picha ya Rais. Kulifunika kwa kitambaa kulikuwa kumfunika Rais. Kuliacha kulikuwa kukubali kwamba hivyo ndivyo tulivyomtaka. Mzee Barasa angegeuza shingo kidogo tu, ndoa ya Nekesa ingeishia pale, na Baba angeondoka kwenye boma lake akiwa katikati ya watu wasiotabasamu. Akilini nilimwona mshona viatu akiitikia kwa kichwa.

Baba naye aliona. Aliinuka, akiwa bado na kabuti lake, akapita nyuma ya kiti cha mgeni, akaegemea ukuta, mgongo ukiwa juu ya ile picha.

"Nyinyi kaeni," akasema. "Mimi nitasimama. Hii homa inataka mtu asimame."

Hakuna mwenye boma anayesimama wakwe wakiwa wamekaa. Ni tusi, au ni wazimu. Lakini wageni walimwona anavyotetemeka, wakasema pole, mazungumzo yakaanza. Mzee wao mmoja alitaja ng'ombe. Walikuwa wachache ajabu, idadi ya kuanzia tu, na mzee huyo alikiri mwenyewe kwamba ng'ombe mmoja ana jicho moja. Baba mdogo Wanjala alitabasamu. Huo ndio uliokuwa wakati wake.

"Tupeni ruhusa kidogo," akasema, akisimama. "Sisi tutoke nje."

"Hakuna haja," Baba akasema kutoka ukutani.

"Kaka, twende tuongee."

"Tuongee hapa."

"Kaka!"

"Nimekubali," Baba akasema. "Hao ng'ombe ni wazuri."

Baba mdogo alikaa kama mtu aliyepigwa. Alikuwa amesahau picha kwa uchungu wa ng'ombe. Wageni walitazamana, wakaongeza masharti ya harusi, Baba akakubali. Wakasema ng'ombe watakuja baada ya mvua, Baba akakubali. Na wakati wote huo klorokwini ilikuwa ikifanya kazi yake. Alijisugua kwenye ukuta polepole, juu na chini, macho yamemtoka, jasho likimtiririka, na kila alipojisugua alisema ndiyo. Mke wa Mzee Barasa alisema hajawahi kuona baba wa msichana mwenye roho nzuri namna ile. Chapati zililiwa. Mzee Barasa alikula yake akiwa amekaa wima, akitazama mbele tu, hakugeuka kushoto wala kulia, na mimi nikamshukuru Mungu kwa kuwapa watu wa serikali shingo ngumu.

Walipoinuka kuondoka ndipo tulipokumbuka kwamba mgeni husindikizwa. Mwenye boma asipowasindikiza wakwe mpaka barabarani, amewaambia wasirudi. Baba aliwatanguliza wote, akingoja watoke, kisha akajiondoa ukutani. Tulisikia mlio mrefu wa karatasi. Gundi ya unga wa ugali haikuushika ukuta, ila ile iliyopakwa mbele, ikiwa mbichi bado, ililishika kabuti barabara. Baba alitoka nje kuwasindikiza wakwe akiwa amembeba Mtukufu Rais mgongoni, bado juu chini.

Kule mbele, kwenye duka la Mzee Kamau, vijana wa chama walikuwa wamekaa kama kila Jumapili, na njia ilipita mbele yao. Hapo Mzee Barasa, ambaye alikuwa ametangulia, akageuka, akaona kona ya karatasi ikichungulia begani kwa Baba, akasimama ghafla. Aliwaacha wenzake waendelee, akarudi, akamkumbatia Baba kama wakwe wanavyokumbatiana, mikono yote miwili mgongoni. Niliona vidole vyake vikibandua ile karatasi kutoka kona moja hadi nyingine, vikaikunja, vikaiingiza ndani ya kaki.

"Pona haraka, Mzee," akamwambia, akaenda zake.

Baba alirudi ndani akakaa chini sakafuni. Mgongo wake wote ulikuwa mweupe. "Amechukua," akasema. "Ameenda nayo."

Nekesa aliolewa, na harusi ilikuwa nzuri. Yule ng'ombe wa jicho moja alikuja, akazaa vizuri kuliko wote. Lakini Baba hakupata tena amani. Kila alipobisha mtu mlangoni kwa nguvu kidogo, alisimama akavaa viatu kwanza, asije akachukuliwa miguu mitupu, ndipo aulize ni nani. Hakushika tena nyundo. Alianza kuita fundi hata kwa msumari mmoja, na sasa ninapomcheka Brayo lazima nikumbuke hilo. Kila alipopata safari ya kwenda Turbo alimpelekea Mzee Barasa kuku, tena jogoo wa kuchagua. Mzee Barasa naye, kila mavuno, alituletea gunia la mahindi lililojaa mpaka halifungiki. Kanisani walitufanya mfano. Padre alisema tazameni wakwe wanavyopendana.

Kwenye kundi letu la simu la tuliosoma pamoja, hakuna siku inayopita bila mtu kuandika kwamba zamani kulikuwa na heshima. Watu wanaitikia kwa vile vipicha vya mikono iliyounganishwa kama ya kuomba. Vijana wa leo hawaheshimu mtu, wanaandika, wakati wetu huwezi kumjibu mkubwa. Mimi nakumbuka pamoja nao maziwa ya pakiti tuliyopewa shuleni, na chapati za Krismasi, na mpira wa makaratasi. Hayo nayakubali yote. Heshima ndiyo ninayotaka tukae chini tuizungumze vizuri.

Kwa sababu Baba alikufa mzee, vyama vingi vikiwa vimesharudi zamani, na bado akivaa viatu kwanza. Mzee Barasa alikuja matangani kwa mkongojo, kaki amekwisha kuirudisha serikalini. Alinivuta kando nyuma ya nyumba, pale pale Baba mdogo alipozoea kushauriana.

"Nafula," akaniambia. "Sasa ni mimi tu nimebaki. Niambie ukweli. Baba yako ni nani alimtuma kunitega?"

"Kukutega na nini, Mzee?"

"Ile gazeti. Juu ya kiti yangu. Mimi niliiona nikiingia tu, mwangaza wa mlango ukiipiga. Nikajua, hawa wananijaribu. Nikisema, harusi ya kijana yangu imekufa. Nikinyamaza, hawa wazee niliokuja nao mmoja ataenda kusema naibu wa chifu alikula chapati chini ya kitu kama hiyo. Na baba yako akasimama nyuma yangu kama askari! Sikugeuza shingo mpaka tukamaliza."

"Na uliipeleka wapi?"

"Niliichoma siku hiyo hiyo. Jivu nikachanganya na mbolea."

"Sasa ile mahindi yote ulikuwa unatuletea?"

"Si ndio baba yako asiseme," akasema, akashangaa kwamba sikuwa nimeelewa.

Nilirudi ndani nikaketi karibu na jeneza. Nililia sana, na watu wakadhani nalia kama wafiwa wengine. Nilikuwa nikilia kwa hasira. Miaka yote ile Baba alikuwa amelala akingoja mlango ubishwe na mtu ambaye naye alikuwa amelala akingoja wa kwake ubishwe, na kati yao hakukuwa na chochote isipokuwa kuku na mahindi. Neno moja lingewatosha. Lingewatosha, nao wangecheka mpaka waanguke. Ila hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kulisema, na hiyo ndiyo heshima tunayoandikiana kwenye simu.

Jumamosi iliyopita mvua ilivunja mfereji wa maji kwenye paa langu. Nilimwambia Brayo aamke aushike huku mimi nikipiga msumari. Akasema ana mafua. Nilimkuta amejifunika mpaka kidevuni, anacheka peke yake na simu.

"Aunty, cheki hii," akaniambia.

Alikuwa amechukua picha ya mkubwa wa nchi, akamgeuza kichwa chini, akamvisha gauni na masikio ya punda, na ameshawatumia marafiki zake wote.

"Brayo, futa hiyo! Futa sasa hivi!"

"Aunty, relax. Ni jokes tu. Kesho kila mtu atakuwa ameisahau."

Akapiga chafya, akageukia ukutani, na baada ya muda mfupi alikuwa anakoroma, simu ikiwa bado mkononi. Nilimtazama nikimwonea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote. Niliichukua ile simu taratibu, nikaitazama tena picha, masikio yale, gauni lile, na kicheko kikanipanda kooni.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Lakini kwanza niliinuka nikaangalia kama mlango umefungwa.